Mas'ala ya Asili ya Mtawala

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanaadamu kutokana na mume mmoja na mke mmoja, akawajaalia kuwa mataifa na makabila ili wajuane, wala si ili wadharauliane. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Yako mas'ala ambayo hurejea katika mabaraza ya watu zama baada ya zama, na kila yarejeapo huwagombanisha ndugu. Nayo ni haya: mtu mweusi akipewa utawala, je, ni haki kumtaka kwanza athibitishe kuwa ni mweusi wa kweli, mwenye nasaba ya asili, na mavazi ya asili, na mwenendo wa asili, kabla haijatazamwa hukumu yake? Na akionekana kuwa amechanganyika, au amesoma kwa wageni, au amevaa nguo za watu wengine, je, uadilifu wake huwa umepungua kwa hayo?

Wenye kuuliza swali hili ni watu wa namna mbili. Wa kwanza ni mgeni mwenye nguvu, atakaye kumtawala mtu mweusi kwa mkono wa mtu mweusi mwenziwe, naye humchagua yule amwonaye kuwa ni wa asili. Wa pili ni mwenyeji mwenyewe, ambaye ameonja dhuluma ya wageni, akahofu kuwa ndugu yake aliyefanana na wageni atamdhulumu kama wao. Makusudio ya wawili hawa ni mbali mbali, walakini mizani yao ni moja. Na ili ijulikane kuwa mizani hiyo ina kasoro, na izingatiwe habari ya nchi ya Ugogo.

HABARI YA UGOGO

Atokaye pwani kwa gari la moshi, akiisha kupita Morogoro na Kilosa, hupanda mpaka uwanda wa kati, nchi kavu ya mibuyu na miiba, yenye msimu mmoja wa mvua kwa mwaka. Watu wake ni wafugaji wa ng'ombe na wakulima wa uwele na mtama. Hiyo ndiyo Ugogo, na mji wake mkubwa ni Dodoma. Zamani za misafara, wapagazi wa Kinyamwezi na matajiri wa pwani walipita hapo wakienda Tabora na Ujiji, na watemi wa nchi wakawatoza hongo kwa ajili ya maji na njia. Masimulizi ya wenyeji yasema kuwa hata jina la Wagogo walipewa na wapita njia hao. Na koo zao zikihesabiwa, huu husema babu yake alitoka Uhehe, na huu Unyamwezi, na huu Ukaguru. Basi atafutaye Mgogo wa asili moja, asiyechanganyika na mtu, atatafuta sana.

Na mtemi wao hakuwa sultani kama wajuavyo watu wa pwani. Kila nchi ndogo ilikuwa na mtemi wake, mlinzi wa mawe ya mvua, mwenye kufungua msimu wa kulima na kutoa idhini ya jando. Itikadi ya mawe ya mvua haina mahali katika tauhidi, nayo yatajwa hapa kwa sababu moja tu, ijulikane kazi ya mtemi ilikuwa ipi. Hakuwa na hazina, wala karani, wala mtemi mmoja aliyetawala Ugogo yote.

Wajerumani walipotwaa nchi, katika sehemu nyingi waliweka maakida, na wengi wao walikuwa ni watu wa pwani waliojua kusoma na kuandika. Akida alikusanya kodi na kutoa watu wa kazi, na katika maakida walikuwamo wakali ambao watu wa bara waliwachukia. Hili ni la kukiri bila ya kuficha, kwani wenye kulaumiwa katika jambo hilo ni jamaa wa hawa hawa wasomao karatasi hizi.

Kisha vikaja vita vikubwa. Waingereza walishika Dodoma mwaka 1916. Kabla yao na baada yao, majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe na nafaka za Wagogo, na vijana wao wakatwaliwa kuwa wapagazi. Mvua ikakosekana, ikaingia njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliyodumu tangu 1918 mpaka 1920, na wakafa watu wengi sana. Mwenye njaa wa siku zile hakuwa na haja ya kujua nasaba ya mtawala wake. Haja yake ilikuwa ni kumpata mtawala atakayekataa ng'ombe wake wa mwisho asichukuliwe.

Mwaka 1925 alifika Tanganyika gavana aliyeitwa Sir Donald Cameron, ambaye alikuwa amefanya kazi Nigeria, na mwaka 1926 ikatoka sheria ya utawala wa wenyeji. Rai yake ilikuwa kwamba Mwafrika asifanywe mfano mbaya wa Mzungu, bali akuzwe katika njia zake mwenyewe chini ya wakubwa wake wa jadi. Kwa dhahiri maneno haya ni mazuri, nayo yana heshima ndani yake. Basi wakatumwa maofisa wachunguze katika kila wilaya ni nani mtemi wa kweli, na nani baba yake, na nani babu yake, ili utawala urudishwe kwa wenyewe.

Lakini tazama yaliyotokea. Mtemi aliyethibitishwa kuwa ni wa asili alipewa mambo ambayo hapana mtemi aliyepata kuwa nayo: akapewa hazina, na baraza la hukumu, na mshahara, na daftari la kodi. Ugogo, ambayo haikupata kuwa na mkubwa mmoja, ikawa nayo ina mtemi mkuu, naye ni Mazengo wa Mvumi, mtu aliyeheshimiwa sana, ambaye jina lake lilikuja kupewa skuli ya sekondari ya Dodoma. Heshima yake haina shaka. Walakini kiti alichokalia kilikuwa kipya, kilichochongwa na serikali, kisha kikaitwa cha mababu. Na kiti kile hakikudumu, kwani mwaka 1963, baada ya uhuru, sheria ya machifu ilifutwa.

Na kijana wa Kiafrika aliyetoka skuli au chuoni, ajuaye kuisoma sheria na kuihoji, huyo alitazamwa kwa shaka. Aliambiwa kuwa amekwisha acha asili yake, na kwamba hawezi kusema kwa ajili ya watu wake. Hapa ndipo penye siri ya mas'ala haya. Swali la asili liliulizwa kwa sauti kubwa, na swali la haki likapotea ndani yake. Mtawala akaulizwa, "Wewe ni mtoto wa nani?" Hakuulizwa, "Kodi hii ni ya haki?" Na kila akizidi kuwa wa asili machoni pa serikali, ndivyo alivyozidi kuwa mbali na mahali ambapo kodi yenyewe ilikadiriwa.

HABARI YA WENYEJI WENYEWE

Huenda mtu akasema: hayo ni makosa ya wageni, na wenyeji walipojitawala mambo yaligeuka. Jawabu ni kwamba wenyeji nao waliishika mizani ile ile.

Chama cha TANU kilipoundwa Dar es Salaam mwezi wa Julai mwaka 1954, kilikuwa cha Waafrika peke yao. Mwezi wa Januari 1958 wajumbe wake walikutana Tabora, katika uwanda huo huo wa kati, kuamua juu ya uchaguzi ambao Waingereza waliuwekea sharti kwamba kila mpiga kura achague watu watatu, Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Sharti hilo lilikuwa la dhuluma, kwani Waafrika walikuwa ndio wengi mno katika nchi. Wengine wakasema kuingia katika uchaguzi huo ni kuuza asili. Julius Nyerere akawashawishi waingie, kwani njia hiyo, japokuwa imepinda, itawafikisha. Zuberi Mtemvu akatoka chamani, akaunda chama chake kilichosema kuwa Afrika ni ya Waafrika. Katika uchaguzi wa urais wa mwaka 1962 alisimama kupambana na Nyerere, akapata kura zisizofika mbili katika kila mia.

Mwezi wa Oktoba 1961, uhuru ukiwa mlangoni, bunge lilijadili sheria ya uraia. Wajumbe wengine wakataka uraia uwe wa watu weusi tu. Malalamiko yao yalikuwa na msingi, kwani chini ya Waingereza skuli ziligawanywa kwa rangi, na kazi kubwa zilishikwa na Wazungu, na biashara ilikuwa mikononi mwa Wahindi. Nyerere akayakataa madai hayo kwa ukali, akafananisha mwendo huo na mwendo wa Hitler na wa Makaburu, akasema kuwa serikali yake itajiuzulu ikiwa bunge litashika rangi kuwa ndiyo kipimo cha uraia. Na Januari 1964 alitoa waraka kwamba katika kazi za serikali raia wote wahesabiwe sawa.

Mtu huyo mwenyewe, lau angepimwa kwa mizani ya asili, angeonekana mpungufu. Alizaliwa Butiama katika Wazanaki, kabila dogo la mbali. Alisoma Makerere na Edinburgh. Dini yake ilikuwa Ukatoliki. Mwaka 1963 ilichapishwa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare kwa Kiswahili. Hata hivyo wazee wa Dar es Salaam, Waislamu wa pwani, walimkaribisha na kumwombea dua na kumpa majumba yao. Na katika waliomkaribisha alikuwamo Abdulwahid Sykes, ambaye babu yake aliletwa kutoka Msumbiji akiwa askari wa Wajerumani. Wazee wale hawakumuuliza mgeni wao kama ni mtu wa bara au wa pwani, wala hawakumuuliza mwenyeji wao babu yake alitoka wapi. Walitazama kazi iliyokuwa mbele. Yaliyofuata baadaye baina ya watu hao yana hadithi yake, lakini katika saa ile mizani yao ilikuwa ni ya sawa.

Na jambo hili si la Afrika peke yake. Mwaka 2008 Barack Obama alichaguliwa kuwa rais wa Marekani. Baba yake alikuwa Mjaluo wa Kogelo katika Kenya, na mama yake Mmarekani mweupe. Wako watu weusi waliosema kuwa yeye si mweusi wa kutosha, kwani wazee wake weusi hawakuwa watumwa wa Marekani. Na wako weupe waliosema kuwa si Mmarekani hata kidogo, mpaka mwaka 2011 akalazimika kuonyesha hati ya kuzaliwa kwake. Wakati huo wote yako mambo ya vita, na ya matibabu, na ya fedha, ambayo kwayo alistahiki kuulizwa na kuhojiwa sana. Ulimi uliokuwa ukihoji damu yake haukuwa na nafasi ya kuhoji hukumu zake.

DALILI ZA DINI

Waislamu hawana udhuru katika mas'ala haya, kwa sababu yaliamuliwa mbele ya Mtume mwenyewe (s.a.w.).

Usama bin Zayd alikuwa mtu mweusi. Mama yake ni Ummu Ayman, Mhabeshi, na baba yake Zayd alipata kuwa mtumwa, naye rangi yake ilikuwa nyeupe. Watu wenye maneno wakaitilia shaka nasaba ya Usama kwa sababu ya rangi yake. Ikatokea siku moja kwamba mtu mmoja wa kabila la Mudlij, mjuzi wa kutambua nasaba kwa viungo vya mwili, aliingia akawakuta baba na mwana wamelala wamejifunika nguo, nyayo zao zikionekana, akasema kuwa nyayo hizi zimetokana hizi na hizi. Mtume akafurahi mpaka furaha ikaonekana usoni pake. Alifurahi kwa kuwa vinywa vya wasengenyaji vimezibwa. Lakini na ijulikane kwamba yeye mwenyewe alikuwa akimpenda Usama kabla ya ushahidi ule, wala hakuungoja.

Na mwaka wa 11 wa Hijra Mtume alimfanya Usama kuwa amiri wa jeshi, na ndani ya jeshi hilo wamo masahaba wakubwa kuliko yeye kwa umri na kwa nasaba. Watu wakauteta uamiri wake. Mtume, naye yu katika maradhi yake ya mwisho, akawaambia kuwa waliuteta hapo kwanza uamiri wa baba yake, na kwamba baba alistahiki uamiri huo na mwana naye anaustahiki. Neno lililotajwa hapo ni kustahiki. Rangi haikutajwa, wala kabila, wala mavazi.

Na wanahistoria wamepokea kwamba katika kufunguliwa Misri, Amr bin Al-As alimtuma Ubada bin As-Samit, mtu mweusi wa kimo kirefu, awe ndiye msemaji mbele ya mtawala wa Misri aliyeitwa Mukaukis. Mukaukis alipomwona akataka aondolewe, aletwe mwingine wa kusema naye. Waislamu wakamjibu kuwa huyu ndiye mbora wao kwa rai na kwa ilimu, nao hawatamweka mwingine. Mukaukis alimkataa msemaji kwa kuwa ni mweusi. Na wako wengine, katika zama za baadaye, waliomkataa msemaji kwa kuwa si mweusi wa kutosha. Wote hao wametazama ngozi, wakayaacha maneno.

HOJA NA MAJIBU

Hoja ya kwanza: wasema wengine kuwa mtawala aliyejitenga na watu wake kwa lugha na mavazi huwadharau, kwa hiyo ni lazima afanane nao. Jawabu: kuwadharau raia ni dhambi, lakini mahali pake ni moyoni, nayo huonekana katika vitendo. Wako waliovaa ngozi na kushika mkuki siku ya sherehe, na siku ya pili wakamnyang'anya mjane shamba lake. Ama lugha, hiyo ni haki ya raia, kwani hakimu asiyefahamu maneno ya mlalamikaji hawezi kuhukumu. Basi na adaiwe lugha kwa sababu ya haki, asidaiwe kwa sababu ya kujipamba.

Hoja ya pili: wasema kuwa watu waliodhulumiwa kwa ajili ya weusi wao ni lazima warejeshewe kwa weusi wao. Jawabu: aliyedhulumiwa na arejeshewe haki yake kamili, na aliyenyimwa skuli apewe skuli. Lakini haki hiyo hairejeshwi kwa kuipima damu ya mtawala. Mweusi wa asili akiwa dhalimu, dhuluma yake haipungui ukali kwa kuwa imetoka katika mkono mweusi. Nayo huuma zaidi, kwani mwenye kudhulumiwa hana hata mgeni wa kumlaumu.

Hoja ya tatu haisemwi kwa sauti, nayo ni ya watu wa pwani. Katika zama za Waingereza, sheria iliwagawa watu kuwa wenyeji na wasio wenyeji, na kila fungu lilikuwa na kodi zake na haki zake. Watu wengi wa pwani wakashughulika kutafuta nasaba za ng'ambo; na wana wa Thenashara Taifa wa Mombasa walishindania miaka mingi wahesabiwe pamoja na Waarabu. Na mtu wa Ugogo akitajwa barazani, akiwa ni mtemi au ni mchungaji, jina lake lilikuwa moja tu, nalo ni mshenzi. Kisha serikali zilipogeuka, baadhi ya watu hao hao wakatakiwa na wengine wathibitishe Uafrika wao, wakalia kuwa wameonewa. Kilio chao kilikuwa cha haki. Lakini mwenye kulia kwa kupigwa na fimbo hii na akumbuke kuwa aliwahi kuishika.

Na katika Ugogo hiyo hiyo alizaliwa Mathias Mnyampala mwaka 1917, Mgogo na Mkristo, ambaye alitunga mashairi ya Kiswahili kwa vina na mizani mpaka malenga wa pwani wakamkubali, na pia akaandika kitabu cha historia na mila za Wagogo. Je, kwa mashairi yake alikuwa amepunguza Ugogo wake? Na kwa Ugogo wake, je, shairi lake lilipungua mizani? Mwenye akili hujibu mwenyewe.

KHATIMA

Tangu mwaka 1996 Bunge la Tanzania hukutana Dodoma, na mwaka 2018 sheria ilithibitisha kuwa mji huo ndio makao makuu ya nchi. Wawakilishi wa pwani na wa bara na wa visiwani hupanda uwanda ule ule ambao zamani watemi walitoza hongo, na ambao watu wake waliangamia kwa Mtunya. Kila mmoja ana babu yake, na nguo zake, na lafudhi yake. Raia amtazamaye mmoja wao na amuulize mambo manne: ameishikaje mali ya umma, amehukumuje baina ya ndugu yake na mtu wa mbali, amemsikiliza nani, mwenye nguvu au mnyonge, na yuko tayari kuulizwa hayo pasina kughadhibika? Katika Sura ya Nisaa Mwenyezi Mungu ameamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe, na mwenye kuhukumu baina ya watu ahukumu kwa uadilifu. Hakuweka humo sharti la rangi.

Mtawala aliyedaiwa asili peke yake ni mdeni mwenye bahati, kwani deni hilo hulipwa kwa nguo ya siku moja na ngoma ya jioni moja. Aliyedaiwa uadilifu hulilipa deni lake kila siku, mpaka siku atakaposimama mbele ya Mola wake, mahali ambapo nasaba hazitaulizwa.

Mwenyezi Mungu awaongoze watawala na watawaliwa, na aziondoe nyoyoni kiburi cha nasaba na chuki ya makabila. Amin. Wallahu aalam.